Jina la Mwenzangu Jukwaani

Mimi si mpole, na sijawahi kudai upole. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshakasirika, na walimu wenzangu pale Shule ya Msingi Nemba, huku Biharamulo, walijifunza mapema kutonisogelea kabla ya chai ya saa nne. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akadhani niliyoyafanya mwaka ule niliyafanya kwa wema. Niliyafanya kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Si ile ya kwanza, watu walipofurika Ngara, wilaya ya mpakani, hadi vilima vikageuka rangi kwa maturubai. Ile ya baadaye, Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka na mizigo kichwani. Wakati huo hata sisi walimu wa shule za msingi tulikuwa na simu za kupangusa. Nilikuwa nimejiandikisha shahada ya ualimu kwa masafa, kwenye chuo ambacho sikuwa nimewahi kukanyaga mlango wake. Masomo yote yalikuja kwenye simu. Na somo la kwanza kabisa, ambalo ukilifeli huendi mbele, lilikuwa hili: namna ya kujifunza pamoja na wenzako mtandaoni.

Nilipoliona nilicheka. Sisi tunalima kwa zamu, tunazika pamoja, tunachangiana harusi mpaka tunakonda, halafu aje mtu wa chuo kutufundisha kushirikiana? Nikajiambia hili nitalipita nimefumba macho.

Chuo kilitugawa watatu watatu kwa ujirani. Mwenzangu wa kwanza alikuwa binti wa Biharamulo mjini, wa familia mojawapo ya wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani. Alikuwa na steshenari karibu na stendi, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka unaona aibu kufungua mdomo mbele yake. Mimi nikikasirika, l na r hugombana mdomoni mwangu, naye hakuacha kunitania hata siku moja. "Dada mwalimu," aliniambia, "tulia kwanza, herufi zako zinapigana."

Wa pili alikuwa Mrundi, mwanaume wa miaka kama thelathini, aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya mapokezi kule Ngara. Kwao alikuwa ameshafika mwaka wa tatu wa chuo kikuu alipokimbia. Kambini alikuwa mkalimani kwenye meza ya kuandikisha wageni. Chuo chetu kilikuwa na nafasi chache za ufadhili kwa wakimbizi, naye alipata moja, kwa sharti ambalo sisi wote watatu tulilijua tangu siku ya kwanza: anayefeli somo la kwanza, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha. "Sina pengine pa kuanzia tena," alituambia. Alilisema mara moja tu na hakulirudia.

Kazi yetu ya kundi ilikuwa kuchunguza tatizo moja la kujifunza katika jamii yetu na kulijadili kwenye jukwaa la chuo, yaani ule ukurasa ambapo darasa zima, na hata watu wa nje, husoma unachoandika. Wazo lilikuwa la Mrundi. Kwenye meza yake alikuwa akiwaona watoto waliokwisha kusoma miaka mitano au sita kwao, na wengine waliochukuliwa na ndugu zao huku vijijini walikuwa wakiingizwa darasa la kwanza. Shuleni kwetu alikuwepo mmoja, msichana wa miaka kumi na miwili, anakaa na shangazi yake kijiji cha Nyamahanga na kutembea kila asubuhi mpaka kwetu. Kwenye dawati la darasa la kwanza magoti yake yalikuwa hayaingii chini ya meza. Nilikuwa nikimwona kila siku na sikuwa nimewahi kujiuliza lolote.

Basi tukafanya kazi, na tulifanya kweli. Mrundi alizungumza na wazazi, hema kwa hema. Jioni alinipigia na kunisimulia. Kihangaza changu, lugha ya watu wa Ngara, na Kirundi chake ni majirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo kila mtu alisema lugha yake na hatukupotezana. Binti wa mjini akiunganishwa kwenye simu alilalamika: "Haya, mmeshaanza kilugha chenu, mimi nimekuja kufanya nini hapa?" Siku za gulio nilishuka mjini, nikakaa dukani kwake nyuma ya mashine ya kurudufu, tukapanga hoja mpaka wateja wakadhani mimi ni mfanyakazi.

Sasa nieleze kosa letu, maana lilikuwa kosa la watu wa kwetu. Kwetu kikao kikiwa kigumu, watu wanatoka pembeni, wanateta, kisha wanarudi na mtu mmoja wa kusema. Waliobaki wanaitikia. Msemaji hasemi yake, anasema ya wote, na hakuna anayeuliza nani alitoa wazo lipi. Kuuliza hivyo ni kuvunja kikao. Nasi tukafanya hivyo hivyo. Tuliteta kwenye simu, kisha mmoja akaenda jukwaani kusema. Mrundi ndiye aliyependekeza niwe mimi. "Wewe una mdomo, mwalimu," alisema. Binti wa mjini akaongeza kwamba mdomo ninao, ila nisikasirike nikiwa naandika. Nilikubali haraka. Nitasema ukweli: nilipenda.

Mtandao wa Nemba ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya jiko la shule. Nilipanda pale kila alasiri, nikaandika aliyonisimulia Mrundi, chini ya jina langu. Wanafunzi wa vyuo vya mbali, ambao sikuwajua, walinisifu. Siku moja chaji ilikuwa inakatika, nikafupisha maelezo yake marefu kuhusu kusoma kwa watoto wale, nikayafanya sentensi moja ya kushtua: watoto hawa wanafika hapa hawajui kusoma. Iliwagusa watu. Iliwagusa sana. Nilishuka kichuguuni nikijiona mwandishi.

Yeye Mrundi aliandika jukwaani mara moja tu, siku ya kwanza, mhadhiri alipotutaka tujitambulishe. Aliandika "Nipo." Hakuweka jina; pale kila mtu alijiandikia lake mwenyewe. Binti wa mjini angalau aliwasalimia watu kila asubuhi na kuuliza maswali mawili matatu, kwa sababu yeye hawezi kupita mahali bila kusalimia.

Matokeo ya nusu ya kwanza yalikuja siku ya Alhamisi. Mhadhiri wetu, mwanamke ambaye tulimjua kwa maandishi tu, aliandika kwamba michango yangu ni mfano wa kuigwa, na akainukuu ile sentensi ya watoto wasiojua kusoma. Nilikimbia na simu mpaka ofisini. Mwalimu mkuu, mtu wa maneno machache, aliisoma, akaisoma tena, na kesho yake asubuhi akaisoma paredini mbele ya shule nzima. Wanafunzi walinipigia makofi. Msichana yule mrefu alikuwa mstari wa mbele pamoja na watoto wa darasa la kwanza, naye akapiga makofi kama wengine, ingawa hakuelewa kinachosomwa.

Nilikaa na furaha yangu siku nzima. Jioni, juu ya kichuguu, ndipo niliposoma mistari ya chini. Mtambo wa chuo ulikuwa unatunza kila neno, nani kaandika na saa ngapi, na kila mtu alipimwa kwa alichoandika yeye. Binti wa mjini alikuwa amepata za kuponea. Mbele ya Mrundi paliandikwa: hakuna ushahidi wa kushiriki. Asipoonyesha ushiriki kabla ya Ijumaa inayofuata, saa sita mchana, atahesabiwa amefeli.

Nikakaa chini pale pale kichuguuni, siafu wakanipanda miguuni. Maneno yote niliyopigiwa makofi yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyezunguka mahemani. Na sasa kwa maneno yake mwenyewe mimi nimesifiwa na yeye anafukuzwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimpigia. Tulisalimiana amahoro, yaani amani kwa Kirundi, kisha nikamwambia. Alikuwa ameshaona.

"Iache, mwalimu," alisema. "Bora umepata wewe."

"Niache nini? Hayo ni maneno yako. Ingia jukwaani leo, andika."

"Siwezi."

"Una kidonda cha vidole?"

Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia katika jioni zote zile. Kule kwao, yeye na wanafunzi wenzake waliwahi kuandika barua ya malalamiko, wakaweka majina chini. Jina lake lilikuwa la nne. Wiki chache baadaye aliiona karatasi ile ile mikononi mwa mtu ambaye hakupaswa kuwa nayo. Wa kwanza, wa pili na wa tatu hakuwaona tena. Yeye aliondoka usiku ule. Hata alipoandikishwa kambini, alisema, alitetemeka mpaka karani akamletea maji. Alikuwa amejiapiza kutoweka tena jina lake mahali ambapo watu asiowajua wanaweza kulisoma.

Nilikata simu kwa upole, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nilimweleza binti wa mjini siku ya gulio. Kwa mara ya kwanza hakunitania. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Usimlaumu."

"Simlaumu. Lakini nafasi yake haichukuliwi mimi nikitazama."

"Utafanya nini sasa?"

"Nitakwenda Ngara."

Akanitazama, akafunga duka kwa muda, akaenda kuniulizia mwenyewe basi la alfajiri.

Miaka ile magari ya kwenda Ngara yalikuwa yanasubiriana Lusahunga ili yapite porini kwa msafara, askari wakiwa ndani, kwa kuogopa majambazi. Tulikaa pale tukila karanga mpaka jua likapanda. Njia nzima nilikuwa na simu mkononi. Ndani yake nilikuwa nimeandika barua kwa mhadhiri, ila sikuwa nimeituma. Niliandika kwamba maneno aliyoyasifu si yangu. Ni ya mwenzangu wa Ngara, na mimi nilikuwa msemaji tu. Sikuandika jina lake hata mara moja. Nilijua sheria ya chuo: anayejipa kazi ya mwingine anaweza kufutwa. Nilikuwa nimesotea ile nafasi miaka minne, nikiomba ruhusa kwa mwajiri, nikinyimwa.

Kambini huingii bila kibali, na mimi sikuwa nacho. Alitoka yeye na karatasi ya ruhusa ya mpaka saa kumi, tukakaa kwenye mgahawa wa barabarani, chai na chapati mbele yetu. Ndiyo kwanza tunaonana. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, shati limepigwa pasi mpaka limekuwa na makali, na alikaa akitazamana na mlango. Nilimpa simu asome barua. Alisoma taratibu, midomo ikicheza.

"Usiitume," alisema. "Watakufuta."

"Wanifute kwa ukweli. Nilishasifiwa kwa uongo, nimeona ladha yake."

"Mwalimu, una watoto wa kuwafundisha. Una nyumba."

"Na wewe una nini?" Nilisema kwa ukali, watu wa meza ya pili wakageuka. "Uliniambia huna pengine pa kuanzia. Ulinidanganya?"

"Sikukudanganya."

Nikabonyeza kutuma. Haikwenda. Badala yake simu ikalia, ukaingia ujumbe: mtandao wa ng'ambo ya mpaka umenidaka, nao unanikaribisha kwa furaha nchini Burundi. Mambo hayo pale Ngara ni ya kawaida, ila kwa wakati ule yalinikera hadi nikataka kuitupa simu. Mrundi aliusoma ujumbe ule kwenye mkono wangu. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, akaweka kikombe chini kisimwagike.

"Wewe wanakukaribisha," alisema. "Mimi wangenikaribisha vingine."

Tuliondoka mezani, tukapanda barabara kutafuta mtandao wa kwetu. Tulipofika penye mwinuko vile vijiti vya mtandao vikasimama, nikatuma mbele ya macho yake.

"Sasa umeniweka hadharani," alisema polepole.

"Nimejiweka mimi. Jina lako halimo. Hilo utaliweka mwenyewe au hutaliweka, sitakulazimisha tena." Na nilimaanisha.

Mhadhiri alinipigia siku ya pili, nikiwa nasahihisha madaftari. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mwalimu, unajua ulichofanya kinaitwaje?"

"Ninajua, mama."

"Na mwenzako naye alikaa kimya. Nyote mmekosea." Nilisikia akipumua. "Alama za kazi ile nazifuta. Wewe utapimwa kwa kitakachobaki ambacho ni chako. Yeye nitamwekea maswali matatu jukwaani, wazi, darasa lote lione. Akijibu mwenyewe, kwa jina lake, kabla ya Ijumaa saa sita, atapimwa kwa majibu hayo. Asipojibu, orodha inaendelea."

Nilimuuliza kama mwenzangu anaweza kujibu bila jina. Nilimweleza sababu kwa kifupi. Akasema wapo chuoni watu wa kumlinda akihitaji, na yeye mhadhiri anaweza kuomba jukwaa lifungwe kwa watu wa nje ili lisomwe na darasa peke yake. Ila hawezi kumpa alama mtu asiye na jina. Nikamshukuru, na nilimaanisha hilo pia. Nikampelekea Mrundi ujumbe, neno kwa neno, bila kuongeza langu. Hakujibu.

Ijumaa ile nilifundisha hesabu mpaka saa tano na nusu bila kujua ninachoandika ubaoni. Watoto walinisahihisha mara mbili. Kengele ilipolia nilipanda kichuguuni. Maswali matatu ya mhadhiri yalikuwa pale, na chini yake hapakuwa na kitu. Binti wa mjini akapiga.

"Bado?"

"Bado."

"Mimi huku nimefunga duka."

Saa sita kasorobo. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani namna ya kumpigia bila kulia, maana mimi nikilia nakuwa mkali zaidi. Ndipo ukurasa ukasogea.

Mstari wa kwanza ulikuwa jina lake. Si la kwanza tu, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye vyeti vyake. Chini yake akaandika: mimi ndiye niliyezungumza na wazazi. Kisha: kabla ya kujibu maswali, naomba kumsahihisha mwenzangu. Aliandika kwamba watoto hawa hawajui kusoma. Si kweli, na mimi sikusema hivyo. Wanasoma Kirundi vizuri na Kifaransa kiasi. Wasichokijua ni Kiswahili tu. Mtoto akiambiwa hajui kusoma anawekwa darasa la kwanza, na sentensi ile ndiyo itakayomweka pale.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kukosolewa mbele ya darasa zima, kwa sentensi niliyopigiwa makofi, na mtu niliyepanda basi kwenda kumtetea. Siku nyingine ningewaka moto. Siku ile nilicheka peke yangu juu ya kichuguu, machozi yakinitoka, mpishi akachungulia kutoka jikoni kuona nimepatwa na nini.

Akajibu maswali yote matatu, kwa urefu, na makosa madogo madogo ya Kiswahili ambayo hakuna aliyeyajali. Alifaulu vizuri. Mimi nilipona kwa chupuchupu, na binti wa mjini hakukosa kunikumbusha kwamba sasa alama zake zimenipita.

Siku ya majibu yale, kabla sijarudi darasani, nilikwenda kwa mwalimu mkuu na kumpa simu. Nikamweleza kwamba ile aliyoisoma paredini ilikuwa kosa langu, na hii ndiyo sahihi. Alisoma akiwa amevaa miwani, akaivua, akaniuliza kama ninataka hii nayo isomwe. Nilisema ninataka, ila kwanza nimuulize mwenye jina.

Nilimpigia Ngara. "Mwalimu mkuu anataka kukusoma paredini," nilimwambia. "Nimwambie aruke jina?"

Nyuma yake watoto wa kambini walikuwa wakicheza.

"Asiruke," alisema. "Asome lote."

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alisoma. Majina ya Kirundi yalimshinda kidogo, akasimama, akarudi mwanzo, akayasoma tena yote matatu mpaka yakatoka sawasawa. Mstari wa mbele, yule msichana mrefu aliinua uso aliposikia majina ya kwao. Paredi ilipokwisha nilimwita ofisini, nikampa kitabu cha nyimbo cha Kirundi nilichokiazima kwa shangazi yake, ambacho huenda nacho kanisani. Alikisoma ukurasa mzima bila kukwama, mimi na mwalimu mkuu tumesimama tunamsikiliza. Kesho yake, kwa agizo la mwalimu mkuu, alipanga mstari na darasa la nne.